Bibi Aliyeitaka Pikipiki Kubwa

Hili lilinikuta mimi mwenyewe, kwenye barabara ya Lindi kwenda Mchinga, jua linawaka, nina akili zangu timamu na sijaonja hata togwa. Nasema mapema kwa sababu najua utakavyonitazama. Wenzangu wakikutana na mizuka hukutana nayo usiku, makaburini, na wakisimulia watu wanawaheshimu. Wangu mimi alikuja mchana kweupe akataka lifti. Sasa ningefanyaje?

Ilikuwa ule wakati wa ruksa, bidhaa zimeanza kumiminika na kila mtu anajiita mfanyabiashara. Mimi nilikuwa nauza mitumba kwenye magulio, leo Mchinga, kesho Rondo, popote palipo na watu. Nilikuwa na kipikipiki kidogo, na kuendesha nilikuwa nimejifunza juzijuzi tu. Kona nilikuwa nazikata kwa dua. Nikifika kwenye mchanga nashusha miguu yote miwili, natembea nacho mpaka tuvuke. Lakini si unajua kitu kikishakukaa kichwani?

Binamu yangu Twalibu akaja kutoka Dar na pikipiki kubwa, nyekundu, ya mashindano, ile ambayo dereva analalia tangi badala ya kukaa kama mtu. Ukiiwasha, kuku wa mtaa wa pili wanakimbia. Nilipoiona tu, mate yalinijaa mdomoni. Twalibu hakutaka hela. Alitaka tubadilishane: nimpe kile kidogo changu, niongeze na cherehani ya nyumbani.

Cherehani ile ilikuwa ya mke wangu, Somoe, na nikwambie ukweli, ndiyo iliyokuwa inatulisha. Mitumba ilikuwa inanipa sifa tu.

Nikamkalisha Somoe nimweleze. Chombo kina mbio, nitafika gulioni kabla ya wenzangu, nitachagua mahali pazuri pa kutandaza, tutatajirika. Yeye alikuwa anashona sare ya shule. Hata macho hakunyanyua.

"Baba Zuhura, hiki kidogo umeshakizoea?"

"Nimekizoea."

"Na jana nani alikutoa kwenye ua wa jirani?"

Nikarudi kwenye hesabu za faida.

"Basi sikiliza," akasema. "Cherehani hii ikitoka kwenye mlango huu, na mimi natoka nyuma yake na mwanangu. Narudi kwetu Mchinga. Chagua mwenyewe."

Alisema taratibu, na Somoe akisema taratibu ujue hatanii. Iliniuma, sitakuficha. Nampenda mke wangu, lakini pikipiki nayo nilikuwa nimeshaipenda. Nikaanza kuzunguka Lindi nzima kutafuta angalau mtu mmoja wa kuniunga mkono. Fundi pikipiki alicheka mpaka akaketi chini. Rafiki zangu wa kijiweni waliniambia nijifunze kwanza kufunga breki. Mama yangu mzazi aliniuliza ningependelea kuzikwa wapi, ili wajiandae.

Twalibu naye alikuwa na haraka, kesho yake anarudi Dar. "Ijaribu mpaka Mchinga," akaniambia. "Ukirudi unipe jibu."

Nikaondoka alasiri. Kutoka mjini niliitoa kwa kunyata, watu wananitazama, na mimi najua wananitazama. Nilipoipita Mitwero nikakuta greda limepita, barabara imelala vizuri, nikafungua moto. Mwenzangu, niamini, nilihisi tumbo limebaki Mitwero. Nikasema kimoyomoyo, Somoe atanisamehe, lakini hii siirudishi.

Nilipofika kwenye mashamba ya zamani ya mkonge, nikamwona bibi mmoja mbele yangu anatembea kwa miguu. Amejifunga kaniki, ana kifurushi kichwani. Sasa kwetu huwezi kumpita mtu mzima hivihivi bila kumwamkia. Nikiwa na kile kidogo changu huwa napunguza mwendo, naamkia, naitikiwa, tunaulizana hali za nyumbani, ndipo naondoka. Na hii kubwa, kabla sijafungua mdomo nilikuwa nimeshampita. Nikajisemea si kitu, mtu mzima ataelewa.

Nikakata kona. Huyo bibi, mbele yangu. Kaniki ileile, kifurushi kilekile.

Nikadhani labda wako wawili, mtu na ndugu yake. Nikampita. Kona ya pili namkuta tena, na safari hii alikuwa ametua kifurushi anapumzika, anajipepea kwa upande wa kaniki. Unanielewa lakini? Kikongwe, kwa miguu, ananisubiri mimi niliye juu ya pikipiki ya mashindano. Nikaongeza moto. Kumbe kila nikiongeza, yeye ndiyo anapata muda mrefu zaidi wa kupumzika. Kona iliyofuata nilimkuta anakula ndizi.

Hapo jasho lilinitoka, na si la jua. Nikaona kosa ni langu, nimempita mkubwa mara zote hizo kama napita kisiki. Nikavuta pumzi nikapaza sauti palepale kwenye mwendo: "Shikamoo bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu."

Jibu lilikuja sikioni mwangu. Nyuma.

Pikipiki ikazama upande wa nyuma kama imepakiwa gunia la korosho, na mkono ukanishika kiunoni, wa baridi, nausikia mpaka ndani ya shati. Nikatupa jicho kwenye kivuli chetu upande wa bahari. Pikipiki moja, mtu mmoja. Sikurudia kutazama.

Utaniuliza kwa nini sikuruka. Niruke niende wapi, kwa mwendo ule? Utaniuliza kwa nini sikumwambia ashuke. Wewe umewahi kumwambia mtu mzima ashuke, tena ameshakuitikia salamu na kukuita mjukuu? Nikaanza kusoma Ayatul Kursi. Kwa hofu nikakwama katikati, na yule bibi akanikumbusha pale nilipokwama, kwa sauti ya upole kabisa, tukamaliza wote. Kama hata hiyo anaijua kuliko mimi, ningemfukuza kwa kitu gani?

"Hii nzuri," akasema baada ya muda. "Kile kidogo chako huwa nakipita kwa miguu. Nakuoneaga huruma. Hii umeshainunua?"

"Bado, bibi."

"Inunue."

"Mke wangu hataki. Wanataka na cherehani yake."

"Cherehani ya nini? Sisi tulishona kwa mkono na waume tukapata. Inunue, mjukuu wangu, uwe unanipeleka Kilwa kila Ijumaa. Nina mwanangu kule, sijamwona siku nyingi. Haya, ongeza moto."

Nakwambia, hapo akili ilinirudi yote kwa mkupuo. Nimezunguka Lindi nzima kutafuta mtu wa kuniambia nunua. Nimekosa kwa fundi, nimekosa kwa rafiki, nimekosa kwa mama aliyenizaa. Na sasa nimempata mmoja, naye hana kivuli. Nikamfikiria Somoe anafunga mizigo yake, Zuhura mgongoni, na mimi nabaki na huyu kiunoni kila Ijumaa ya maisha yangu. Machozi yalinitoka, na si ya upepo.

"Bibi," nikasema, "nisamehe sana. Sitainunua."

Mkono ukalegea kiunoni. Kisha akasema, kwa huzuni iliyonichoma, "Basi nishushe."

Sikuwahi hata kugusa breki. Uzito uliondoka ghafla, pikipiki ikawa nyepesi, ikapeperuka nje ya barabara, ikaingia kwenye mchanga wa mikorosho na kunimwaga pale. Goti lilichunika. Nilipoinua uso alikuwa amesimama juu yangu, anakiweka kifurushi chake kichwani.

"Kumbe hata kuendesha hujui," akasema. Akashika njia yake ya Kilwa.

Niliirudisha kwa gia ya kwanza, nikamkabidhi Twalibu ufunguo, akanicheka mpaka usiku. Kesho yake akaiuza kwa kijana mmoja wa Mitwero.

Somoe nilimsimulia yote, kila kitu. Nilidhani atacheka. Akasimamisha cherehani.

"Huyo ni Bi Salima wa kwetu Mchinga," akasema. "Alikuja huku Lindi, akakaa barabarani siku nyingi anangoja lori la Kilwa, zile zama za shida, mafuta hakuna, magari hakuna. Mwanawe alikuwa anaumwa kule. Alipochoka kungoja akasema ataenda kwa miguu. Wakamkuta kwenye mkonge, ameshakufa." Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Sasa magari yamejaa, na yeye hayupo." Akakanyaga cherehani, akashona kidogo, halafu akaongeza: "Lakini cherehani yangu asingeigusa."

Mpaka leo nina kipikipiki kidogo. Nikifika kwenye ule mkonge napunguza mwendo, naamkia mapema hata kama simwoni mtu, na mara nyingine naitikiwa. Goti linaniuma nyakati za mvua. Yule kijana wa Mitwero analalamika kwa mafundi wote kwamba pikipiki yake ni nzito nyuma, na hawaoni ubovu. Na kila Ijumaa lazima aende Kilwa. Kule hana ndugu, hana mchumba, hana biashara. Nilimuuliza anafuata nini, akaniambia hajui, ila akifika roho yake inatulia. Sikuwa na moyo wa kumweleza.

Basi wewe uliyejifunza jana, na leo unataka chombo chenye mbio, usije kuniuliza mimi. Kaulize nyumbani, kwa anayekulisha, na akisema hapana ridhika siku hiyohiyo. Maana ukizidi kuzunguka kutafuta wa kukuunga mkono, utampata tu, na akishapanda hashuki mpaka Kilwa.