Ushuhuda wa Wiki ya Tatu

Mume wangu alitoa ushuhuda wake wa kwanza kanisani wiki ya tatu tangu aseme ameacha kubeti, na mimi nilijua ni uongo kabla hajafungua mdomo.

Yeye ni fundi wa mawe. Nyumba nyingi mpya hapa Isiolo, ukishika barabara ya Ngaremara, amezijenga kwa mikono yake. Lakini kwa miaka minne pesa ya mjengo ilikuwa ikiishia kwa simu. Alikuwa akiamka anazungumzia timu za nchi ambazo hawezi kukuonyesha kwenye ramani. Mkeka wake, yaani ile orodha ya mechi anazobashiri, ukichanika, ananinunia mimi kana kwamba ni mimi niliyekosa penalti. Mimi nashona sare za shule katika kibanda karibu na soko, na cherehani yangu ndiyo iliyotulisha. Kisha asubuhi moja nikafungua kibanda nikakuta meza tupu. Alikuwa ameiuza cherehani.

Nilizitia nguo zake kwenye gunia nikamwambia aende kwa mama yake. Baada ya siku nne wakarudi pamoja. Mama mkwe alikuwa ameuza mbuzi wake akaikomboa cherehani, akaishusha kwa mlango wangu bila kuniangalia machoni. "Mwanangu anataka kuokoka," akasema. Mama mzima amesimama juani namna ile; nikawafungulia mlango.

Kanisani walimpokea kwa shangwe mpaka nikaudhika. Kila mtu alimkumbatia. Mimi hakuna aliyeniuliza nimelalaje. "Dada, mwanaume hujengwa na maombi ya mke," mama mmoja akaninong'oneza. Nilikuwa nimeomba miaka minne. Kama ni kujengwa, mume wangu angekuwa ghorofa.

Tulikubaliana nimfungie simu yake kubwa kwenye sanduku, yeye abaki na ile ndogo ya vitufe ambayo mimi huikagua kila jioni. Wiki mbili zikapita salama. Alhamisi ya wiki ya tatu, binti yetu wa darasa la saba akaniambia, "Mama, baba aliomba simu yako, akasema anaangalia saa." Nikaifungua. Ujumbe ulikuwa pale, hata hakujisumbua kuufuta: tumepokea mkeka wako, tunakutakia bahati njema.

Nilinyamaza Ijumaa. Nikanyamaza Jumamosi, nikingoja aniambie mwenyewe. Jumapili akavaa shati jeupe nililompigia pasi mimi, akaenda mbele.

"Bwana asifiwe."

"Amen!"

"Leo ni wiki ya tatu. Sijagusa. Mungu ameniondolea ile kiu kabisa."

Kanisa lililipuka kwa makofi, kayamba zikaanza kulia. Sikuwa nimepanga kusimama. Nilijikuta tu nimesimama.

"Alhamisi," nikasema. "Alhamisi ulibeti na simu yangu."

Kayamba zilinyamaza. Mchungaji akashika kipaza sauti kwa upole. "Dada, mambo kama hayo tungeyazungumza ofisini."

"Ofisi gani, Pasta? Uongo umesemwa hapa."

Wiki ile yote kina mama walinijia kibandani kunishauri. Eti nimemvunja mtu ambaye Mungu anamjenga. Nimemwaibisha kichwa cha nyumba. Mmoja alinikemea hivyo huku akinipa sketi ya bintiye niipunguze harakaharaka, maana shule inafunguliwa. Nilipima ile sketi nikiwa nimeuma meno.

Jumamosi asubuhi mume wangu akaja kibandani, akaketi kwenye benchi la wateja.

"Mama watoto," akasema, "ile Jumapili."

"Unataka nikuombe msamaha?"

"Hapana. Walipopiga makofi nilisikia kama nimepewa ruhusa. Nilikuwa nimeshapanga kubeti tena Jumatatu. Sasa kila mtu anajua. Hata mwenye duka, nikiingia, anatazama mikono yangu kama ina simu." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Jumamosi ndiyo mbaya. Kuanzia saa nane mechi zinafuatana, na mikono yangu haina kazi."

Nilikuwa na sare kumi na mbili za kumaliza. Sikuwa na mstari wa Biblia wa kumpa. "Choo cha kanisa kimejaa," nikamwambia. "Nenda ukachimbe kingine."

Nilisema kwa hasira tu, lakini akachukua sururu akaenda.

Ardhi ya kule ina mwamba chini ya vumbi. Mchungaji alipofika na Biblia yake kumtia moyo, mume wangu alimpa koleo, akamwambia aombe akiwa ndani ya shimo. Mchungaji akavua koti, akashuka. Namheshimu mpaka leo kwa jambo hilo, ingawa sikuwahi kumwambia. Mume wangu anasema mle ndani hakuhubiriwa. Mchungaji aliuliza tu, "Ile hamu ikikushika, inaanzia wapi mwilini?"

"Kwa kidole gumba," akajibu.

Basi wakasimama shimoni, wawili wamejaa mchanga, wakakiombea kidole gumba.

Jumamosi iliyofuata akaja mwalimu mmoja wa shule ya msingi, hajaitwa, naye pia ameshindwa kuacha kubeti. Baadaye akaja muuza miraa, kisha mwenye bodaboda. Hakuna tangazo lililotolewa. Walichimba, wakajenga kuta, wakachimba kingine cha akina mama. Mume wangu aliteleza akabeti mara moja, majira ya mvua, lakini safari hii aliniambia mwenyewe mlangoni kabla hajavua viatu. Nilimtupia ndala. Halafu nikabandika chai, tukakaa, tukaomba, mimi kwa sauti ya kugomba, na nadhani Mungu alinielewa.

Sasa vyoo vimekwisha, na wanaume hao wamehamia jikoni kwangu. Kila Jumamosi saa nane wanatia simu zao kwenye sufuria yangu kubwa, wanaifunika, na kila mmoja anasema ukweli wa wiki yake. Hakuna anayepigiwa makofi. Wanakula githeri yangu yote ya mahindi na maharagwe. Mwalimu anaanzisha nyimbo juu mno, hakuna anayeweza kumfuata. Binti yangu anafanyia kazi ya shule kitandani kwa kukosa meza.

Jumamosi iliyopita alikuja mgeni, kijana wa kuchomelea vyuma. Alisema amebeti asubuhi ileile, njiani akija. Wote wakanigeukia mimi, sijui kwa nini, kana kwamba neno la kumtia moyo limo kwenye mwiko wangu.

"Kaa chini," nikamwambia. "Umesema ukweli, hiyo ndiyo kazi ya leo. Mungu hajachoka. Mimi ndiye nimechoka."

Nikampakulia. Githeri haikutosha, ikabidi nibandike nyingine.