Meza ya Jikoni Kwenye Mnada wa Chuo

Miaka ya sitini ilipoanza nilikuwa mwalimu wa useremala katika chuo kimoja cha serikali pale Eldoret, na hadi leo nikinusa maranda ya mwerezi moyo wangu hurudi karakana ile. Asubuhi baridi iliuma masikio, wanafunzi wakipuliza vidole kabla ya kushika randa, nami nikijifanya sisikii kitu. Nilikuwa na maringo, nakubali.

Walowezi waliofunga virago walikuwa wakikipa chuo vyombo vyao vya nyumbani: vitanda, makabati, mara moja hata kinanda kisichotoa sauti. Chuo hakikuuza kitu kama kilivyokuja. Kiliandikwa stoo, kikaletwa kwangu, tukakitengeneza kikawa kama kipya, ndipo kikapelekwa mnadani mwisho wa muhula. Nilipenda utaratibu huo kuliko mshahara wangu.

Muhula mmoja lori lilishusha meza ya jikoni kutoka shamba moja upande wa Ainabkoi. Niliijua papo hapo. Mama yangu alikuwa mpishi wa nyumba ile tangu nikiwa mtoto, na juu ya meza hiyo alikanda unga wa mkate miaka nenda miaka rudi. Jumapili baada ya kanisa nilimpa habari, akaacha kuchambua mboga.

"Nunua hiyo meza," akasema.

"Mama, mwalimu haruhusiwi kununua kitu ametengeneza."

"Basi nitakuja mwenyewe. Lakini musiiguse. Ikae vile iko."

Nilicheka. Nilidhani anaogopa kwamba tukiipamba bei itapanda. Tena ningewezaje kumpa mama yangu meza yenye makovu ya visu, wanafunzi wangu wakitazama? Vitu vingine niliwaachia wao. Hiyo niliishika mwenyewe. Niliipiga randa juu, nikapiga randa miguu yote minne, nikaisugua msasa na kuipaka vanishi mara tatu. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile, na niliifanya nikipiga mluzi.

Siku ya mnada Mama alikuja na kitambaa chake cha kanisani, pesa amezifunga kwenye pindo la leso. Wazungu na wenye maduka walikuwa wameshachukua vitu vya maana. Meza ilipofikiwa, bei iliyotajwa ilikuwa ndogo, Mama aliiweza kabisa. Nikamkonyeza.

Hakuinua mkono. Alikuwa amechuchumaa kando ya meza, akipapasa mguu mmoja, kisha wa pili, hadi wa nne. Nyundo ikagonga, mwenye duka mmoja akaichukua.

Nilikasirika. "Mama, si ulisema unaitaka?"

Alisimama polepole. Nyumbani kwetu mtoto aliyekufa hatajwi, na mimi nilikuwa karibu nimesahau kwamba niliwahi kuwa na dada mdogo. Hata siku hiyo Mama hakulitamka jina lake.

"Yule mdogo wako alikuwa anasimama hapo akingoja mkate," akasema. "Nilimpima na kisu, nikaweka alama kwa mguu wa meza."

Nilitamani ardhi inimeze. Mama hakunigombeza. Alinyoosha kiganja hewani, juu kidogo ya goti lake, akakishikilia hapo.

"Alikuwa amefika hapa."