Chumvi ya Sakafuni

Doa la mafuta ya kupikia halinisumbui. Unamwaga majivu, unayaacha yanywe, unafagia, unasugua na sabuni ya unga na maji moto, kwisha. Doa la makaa, la chai, la nta ya mshumaa, hata la damu ya kuku mliyemchinjia mlangoni kwa uvivu, yote nimeyamaliza kwa magoti yangu mawili. Lililonishinda ni moja tu, na hilo nililiweka mwenyewe kila asubuhi kwa ndoo na kitambaa, nikidhani napiga deki.

Nilizaliwa Kalamba, upande wa Makueni, ambako maji tunayafukua kwenye mchanga wa mto na ni matamu. Nimeolewa Mutomo, kusini mwa Kitui, na huku kwetu maji ya kisima cha mashine yana chumvi mpaka ng'ombe huyanywa akikutazama kwa lawama. Mama yangu alilijua hilo mapema. Siku wakwe walipoleta mbuzi wa ntheo, wale mbuzi wa kufunga uchumba kwetu Ukambani, alisema mbele ya wazee wote, "Huko hakuna maji. Mtoto wangu ataenda kunywa chumvi." Baba akamjibu kwamba msichana haolewi na kisima. Watu wakacheka. Mama hakucheka, na mbuzi wakapokelewa hivyo hivyo.

Tangu nilipoolewa mama alinipigia simu kila Jumapili baada ya kanisa, na swali la kwanza lilikuwa maji. Nami nilimjibu, "Yapo, mwaitu. Yapo tele." Mwaitu ndiye mama kwa Kikamba, na mtu akisema uongo kwa mwaitu mdomo huwa mzito kidogo. Nilijifariji kwamba si uongo kamili, maana kweli maji yalikuwa tele, ila sikusema ladha. Nilisema hivyo miaka miwili. Sikutaka aseme "si nilikuambia". Mama yangu akisema neno hilo huwa haliishi siku hiyo, utalisikia mpaka mazishini.

Sasa sakafu. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa kufikiria mambo. Tulipojenga alichagua vigae vya rangi ya kahawa ili vumbi lisionekane, na kweli vumbi halikuonekana. Kilichoonekana ni chumvi. Kila nilipopiga deki sakafu ilikauka na utando mweupe juu yake, kama jasho kwenye shati jeusi. Nikiona weupe narudia kuosha. Nikiosha unazidi. Mwisho wa mwaka wa kwanza sebule yangu ilifanana na nyumba ya mtu asiyejua ufagio, na mimi ndiye niliyekuwa nikiamka kuisugua kabla ya jogoo.

Mimi hasira zangu ziko karibu. Siku moja nilikwenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikanunua asidi, ile ya kuoshea vyoo, nikaimwaga hapo mlangoni moja kwa moja bila hata kuichanganya na maji. Ikachemka, ikatoa povu na moshi. Nikatoka mbio nikikohoa, macho yakiwaka. Niliporudi chumvi ilikuwa imetoka, na mng'ao wa kigae umetoka nayo. Kile kigae mpaka leo kimepauka, hakuna dawa. Nikakifunika na mkeka. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Jirani yangu, mama mmoja anayeuza maharagwe sokoni, alinikuta uani nikikohoa. Akachungulia ndani, akatazama sakafu, akanitazama mimi.

"Hiyo si uchafu," akasema. "Hiyo ni maji. Sasa wewe unaosha maji na maji?"

Akanifundisha. Ukwaju umejaa Kitui nzima, unaanguka tu. Unauloweka kwenye maji moto, unauminya, unachuja, ule uchachu unaupaka sakafuni na kuuacha robo saa. Chumvi inalegea. Unasugua kwa brashi, kisha unasuuza na maji matamu, ya mvua au ya mto, na kukausha na kitambaa. Alirudia neno matamu mara mbili. Ukisuuza na ya kisima, alisema, umeanza upya.

Nilicheka, maana maji matamu kwetu si ya kuchezea. Yanatoka kwenye tangi la mvua, yanakaa ndani ya mtungi wenye kifuniko, na ni ya kunywa na ya chai. Mtu anayeoshea sakafu maji ya tangi mwezi wa tisa anastahili kuombewa.

Mwezi huo huo wa tisa mama akapiga simu kwamba anakuja. Kanisa lao lilikuwa na mkutano Mutomo, angepata nafasi kwenye gari lao, aone nilivyokaa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga kwangu. Niliweka simu chini nikaangalia ile sakafu nyeupe. Mama angesimama mlangoni tu, asiulize lolote, na miaka miwili ya "yapo tele" ingelala pale chini imeandikwa.

Niligonga tangi. Lote lililia tupu kama ngoma isipokuwa chini kabisa. Yalibaki maji ya mitungi miwili. Mume wangu alinisoma usoni akasema, "Usiguse hayo." Nikamwambia mwenye punda ameahidi kutuletea maji ya mto siku hiyo hiyo ya mgeni, asubuhi, kwa hivyo shida iko wapi. Siku ya mgeni yeye akaenda kwa kaka yake, maana kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali.

Nilianza alfajiri. Nilipaka ukwaju sebule nzima, nikasugua kigae kwa kigae, nikasuuza na mtungi wa kwanza. Kona ya dirishani ikabaki na ukungu. Ningeweza kuiacha. Niliisuuza na mtungi wa pili. Nikakausha kwa magoti, nikarudi nyuma mpaka mlangoni, nikasimama. Sakafu ilikuwa kahawia safi, siku ya kwanza tangu fundi aondoke. Nilifurahi, sitaficha. Niliona nimeshinda.

Mama alifika saa nne. Nilimtarajia saa saba. Mwenye punda hata harufu yake haikuwepo.

Aliingia polepole, kanga begani, vumbi la njia mpaka kwenye nyusi. Aliangalia ukuta, viti, kisha akaiangalia sakafu kwa muda mrefu. "Umeitunza nyumba," akasema. Nilihisi nimeongezeka kimo futi moja. Akaketi, akashusha pumzi.

"Nipe maji, nina kiu."

Nikamwambia nikimbie nimletee soda.

"Soda na sukari yangu hii? Nimesema maji."

"Basi ngoja nikupikie chai, mwaitu. Chai inakata kiu vizuri zaidi."

Jikoni nilisimama mbele ya ndoo ya maji ya kisima na kuogopa kama mtoto aliyevunja chungu. Nikapika. Nikatia majani mengi, tangawizi nyingi. Maziwa yakakatika kwa ile chumvi, yakafanya vipande vipande. Nikachuja, nikamimina, nikaweka mkate, nikaenda na jagi na beseni kumnawisha mikono. Nilimimina kwa haraka, na matone yakaanguka nje ya beseni, karibu na miguu yake. Sikujali, ni maji tu. Tukafumba macho aombee chakula.

Mama yangu haombi kifupi. Aliombea safari, aliombea dereva, aliombea nyumba na walioijenga, mvua ije na mifugo ipone. Jua liliingia mlangoni likatua pale pale miguuni mwake. Aliposema amina tukafumbua macho pamoja. Kila tone lilikuwa limekauka likaacha duara jeupe. Yalikuwa saba au manane, yamemzunguka.

Aliinama, akagusa moja kwa kidole, akaweka kidole ulimini. Kisha akachukua kikombe akanywa. Niliona koo lake likisita, halafu likameza. Akanywa mpaka nusu.

"Ya kunywa yako wapi?" akauliza.

"Nimeoshea sakafu."

"Yote?"

"Yote, mwaitu. Nilitaka usione."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia kwenye kigae cha rangi ya kahawa. Nilingoja lile neno. Nililistahili, hata ningelipokea kwa mikono miwili. Mama akatazama sakafu, akatazama magoti yangu yaliyokuwa bado mekundu, na simu yake ikalia.

Alikuwa baba. Mama husikia vibaya, kwa hivyo simu yake huongea kwa sauti, na nilisikia yote. Baba aliuliza kama wamefika salama. Wamefika. Akauliza nyumba ikoje. Nzuri. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu ambaye amelibeba swali hilo siku nyingi, "Na maji?"

Mama alikuwa ameshika kikombe kwa mkono wa pili. Alikuwa na neno lake la miaka miwili mdomoni, na baba ndiye aliyewafanya watu wamcheke siku ile ya mbuzi.

"Yapo," akasema. "Yapo tele. Hata sasa nakunywa chai."

Baba akacheka, nikamsikia anavyofurahi. "Si nilikuambia?"

"Uliniambia," mama akasema.

Akakata simu. Nilikuwa nalia, na sikujaribu kuficha. Akamaliza chai yote mpaka vile vipande vya maziwa, akaninyooshea kikombe nimwongeze, akaniambia nikirudi nije na kitambaa na ukwaju, tufute pale miguuni kabla mume wangu hajarudi.