Kuwaamkia Watu wa Kwenye Televisheni

Mimi nina hasira za karibu. Ukinikuta kwenye cherehani utabisha, maana nashona sare za shule kwa upole mpaka wazazi wanadhani mimi ni mlokole. Kinachonitoa utu ni mpira wa kwenye televisheni. Nikifungwa bao la kijinga, mkono unaamua wenyewe, na pedi, kile kidude cha vitufe kinachoshikwa kwa mikono miwili, inaruka mpaka ukutani.

Banda la gemu ninalochezea liko nyuma ya duka la magodoro hapa Sumbawanga mjini. Mwenye duka ni mtu wa swala tano, wa ukoo ulioanza biashara siku nyingi, na sijawahi kumsikia akipaza sauti. Pedi ya kwanza nilimwambia imeniponyoka. Ya pili hakuuliza. Aliokota vipande, akavifunga kwenye mfuko wa nailoni, akanikabidhi.

"Fundi," akasema, "ukirusha nyingine usirudi humu. Godoro nitakuuzia, hilo sina neno. Gemu, hapana."

Yaliniuma kuliko nilivyoonyesha. Naishi peke yangu na cherehani mbili. Mtu anayeniambia "mambo" na kusubiri jibu yuko kwenye lile banda. Ningefukuzwa pale, jioni zangu zingekuwa za kuongea na vishikizo.

Basi nikaamua kujenga nidhamu. Kwenye simu nilikuwa nimesoma kwamba mchezaji mzuri hukimbia alfajiri. Nikakimbia, na upepo wa Sumbawanga wa mwezi wa saba ukanirudisha kitandani kabla sijafika barabarani. Nikasoma pia kwamba ukipandwa na hasira uhesabu mpaka kumi. Nilipofika sita nikafungwa bao la pili, nikapandwa na hasira mpya juu ya ile ambayo sijaimaliza. Mwisho nikatumia ufundi wangu: nikachukua lastiki ya kiunoni ile nene, nikaifunga pedi kwenye mkono. Siku hiyo nilipofungwa nikarusha. Pedi ikaenda hadi lastiki ilipoishia, ikarudi, ikanipiga mdomoni. Pedi ilikuwa nzima. Mdomo ulivimba, nikashona sketi za watu bila kuongea na mteja yeyote.

Wakati huo ndipo bibi yangu akaja kutoka Mwazye kutolewa mtoto wa jicho. Hospitali wakamrudisha kwangu jicho moja limefungwa bandeji, na lile lingine lilikuwa limezeeka, linaona vivuli tu. Sikuweza kumwacha peke yake, na sikuweza kuliacha banda. Nikaenda naye. Mwenye duka akamtolea blanketi jipya la dukani, akamketisha nyuma yangu, na vijana wote, wale wa "oya mshikaji", wakapanga foleni kumpa shikamoo.

Nilikuwa katikati ya mechi aliponigusa bega.

"Mume wangu," akaniita, maana ndivyo anavyonitania tangu nikiwa mdogo, "hao wanaokimbia ni kina nani?"

"Watu wangu, bibi."

"Wanakimbia hivyo kwa ajili yako?"

"Ndiyo, bibi."

"Umewaamkia?"

Adui alikuwa anaingia na mpira. Nikafungwa. Mkono ukaanza kupanda, na bibi akaendelea kwa sauti ileile ya kuulizia chumvi. "Unawatuma watu wa watu wakimbie jua zima, hujawaamkia? Kwenu ni wapi wewe? Simamisha hiyo kazi."

Kwetu Ufipa salamu si ya kupita unaning'iniza mkono. Mtu unachuchumaa, unapiga makofi ya taratibu, viganja vimebonyea kidogo katikati, unauliza wameamkaje, shamba likoje, wagonjwa wakoje, na huinuki mpaka mkubwa amemaliza. Nikaweka pedi chini. Mtu mzima mwenye ndevu, nikachuchumaa mbele ya televisheni, nikawaamkia wachezaji kumi na mmoja kwa Kifipa. Bibi, kwa kuwa wao walikuwa kimya, akawajibia. Mahindi yao hayajambo. Kwao mvua ilinyesha vizuri.

Nilipokamata pedi tena hasira haikuwepo. Niliitafuta kabisa, kama mtu anayejipapasa mfuko. Nikashinda ile mechi.

Kesho yake nikaamkia tena. Keshokutwa pia. Kila nikifungwa nachuchumaa. Mwenye duka akatazama mambo yanavyokwenda, akatazama pedi zake zilivyo nzima, akatangaza kwamba kuanzia leo hachezi mtu humu bila kuamkia timu yake. Vijana wakalalamika, halafu wakazoea, halafu wakaanza kukosoana nani anapiga makofi ovyo. Mama mmoja aliyekuja kupima godoro la futi tano kwa sita akachungulia nyuma, akaona vijana wamechuchumaa mbele ya skrini wanapiga makofi, akaondoka bila godoro. Mtaani ikasemwa kuna dhehebu jipya. Mwenye duka ilimbidi awaeleze wenzake msikitini, na nasikia maelezo yalizidi kumharibia.

Kisha tukaitwa Matai kwenye mashindano, na banda likanichagua mimi. Mwenye duka akanipa pedi yake mpya, aliyokuwa hajaruhusu mtu kuigusa. "Hii nataka niione inarudi," akasema. "Na wewe pia." Nikaelewa kwamba vitu hivyo viwili vilikuwa vimefungwa pamoja.

Kabla ya safari, bandeji ikatolewa. Bibi akaja bandani kuaga, maana mimi na mwenye duka tungempeleka kwao tukipitia Matai. Nikachuchumaa, nikaanza makofi. Akanitazama. Akaitazama skrini kwa jicho jipya, kwa muda mrefu.

"Hii ni televisheni," akasema.

"Ndiyo, bibi."

"Na wewe ulikuwa unaiamkia?"

Alicheka mpaka akaomba maji. Njia nzima hadi Matai aliwasimulia abiria, akinionyesha kwa kidole. Wote wakacheka naye. Nilikaa na pedi mapajani nikijisikia mpumbavu, na nikaapa kwamba siamkii tena mtu asiyekuwepo.

Mashindano yalifanyika kwenye ghala la mahindi lililokuwa tupu. Fainali nikapangwa na kijana mrefu wa familia ya wafugaji waliohamia upande wa Msanzi, mwenye adabu kupita kiasi; alinipa shikamoo kabla ya kunifunga. Mimi nilikaa tu kitini, sikuamkia mtu. Bao la kwanza nikameza mate. La pili likaingia kati ya miguu ya kipa wangu, na ghala zima likacheka.

Mkono ukapanda. Niliuona ukipanda, umeshika pedi mpya, na nilimwona mwenye duka mstari wa mbele akiinamisha uso asione. Nilijua kabisa ninachokwenda kukipoteza, na bado mkono ulipanda.

Ndipo nikasikia makofi. Ya taratibu, ya viganja vilivyobonyea. Watu waligeuka wakidhani kuna mtu anashangilia bao. Alikuwa bibi, amechuchumaa kwenye sakafu ya saruji, anawaamkia watu wangu kwa Kifipa, bila hata dalili ya kucheka.

Sasa, bibi mzee akichuchumaa akaamkia, nani atabaki kitini? Wazee wa Matai wakachuchumaa. Wake zao wakachuchumaa. Mtangazaji wa mashindano akachuchumaa na kipaza sauti chake. Yule kijana wa wafugaji, asiyejua neno la Kifipa, akaweka pedi yake chini akachuchumaa vilevile, kwa kuwa kwao hawakumlea vibaya. Kwenye skrini wachezaji wote ishirini na wawili walisimama wakitutazama, na saa ya mechi ikaendelea kwenda.

Mimi nikabaki na mkono hewani. Na makofi yanataka viganja vyote viwili. Nikashusha mkono, nikaweka pedi juu ya meza, nikachuchumaa na wenzangu.

Bibi hakuharakisha. Aliulizia mashamba, akaulizia mifugo ya yule kijana, akaulizia wagonjwa. Alipomaliza, kipindi cha kwanza kilikuwa kimekwisha.

Nilirudisha bao moja tu. Nilifungwa mbili kwa moja, na nilihuzunika kwelikweli. Nilimpa mkono kijana. Mwenye duka akaja, akaichukua pedi, akaigeuza, akabonyeza vitufe kimoja kimoja. "Kesho nafungua baada ya alasiri," akasema. "Usichelewe." Nilitazama pembeni ili asinione machoni.

Nikamwendea bibi nimwinue tuondoke.

"Bibi, si ulisema ni televisheni tu?"

"Ni televisheni," akasema. "Wako ni wale wa jezi nyeupe?"

"Ndiyo."

"Wamechoka. Huwezi kuondoka bila kuwaaga."

Mtangazaji alikuwa ameshika waya tayari kuuchomoa. Bibi akamwambia asubiri, naye akasubiri, na mimi nikachuchumaa tena.