Gari la Hajji na Unga wa Muhogo

Mimi nilitolewa shuleni na mbuzi. Watu wakisikia hivyo wanacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kwetu kule milimani, juu ya ziwa, nilikuwa mwaka wa pili, na baba alikuwa ametoa kuku wawili ili nipate daftari, kwetu tunasema kaye. Siku ya mtihani niliweka kaye juu ya jiwe nikaingia mtoni kunawa, maana mwalimu wetu alikuwa anachapa mtoto mwenye miguu ya vumbi. Kutoka majini, mbuzi wa shangazi amekwisha kula kaye yote, amebakisha jalada, naye ananitazama huku anatafuna hesabu zangu. Nilimwambia mwalimu ukweli. Akanichapa kwa sababu ya kaye, akanichapa tena kwa sababu ya uongo. Baba akasema basi, kuku wengine hakuna, nenda kwa mjomba wako kwenye mashine ya kusaga. Mbuzi yule alichinjwa Noeli, mimi nikapewa shingo. Ilikuwa ngumu, wala haikunipoza roho.

Nasema haya ili mtu ajue kwamba ufundi sikuusoma. Nilifundishwa na mashine ya mjomba, injini ya dizeli iliyofungwa juu ya simenti, na mkanda mrefu wa kuzungusha mawe. Mule ndani unga wa muhogo uliruka mpaka kope zetu zikawa nyeupe kama za wazee. Injini nayo ilivaa unga. Ikianza kuvuja, mjomba aliifuta ikakauka, akaiwasha, akaacha unga uishukie, halafu akainama na kungoja. Fasi oili inapotokea, mahali penyewe, unga unaloa na kuwa na rangi ya chai. Yeye hakuwa anafuata matone ya chini. Alisema tone linatembea juu ya chuma, linadondoka mbali na fasi lilipozaliwa, na mafundi mingi wamefungua injini nzima kwa kuamini tone.

Halafu vita. Sitaieleza hapa, nimeieleza mara mingi mbele ya meza za watu wenye makaratasi, na sikuona kama inapungua. Tukafika Nakivale, kambi ya wakimbizi kule Uganda, tukapewa kiwanja Rubondo. Mke wangu akalima muhogo, mimi nikawa natengeneza mashine za kusaga za mule kambini, mpaka dereva mmoja wa lori akaniambia kuna garaji Mbarara inatafuta mtu wa injini. Basi Jumatatu nilikuwa naenda, Jumamosi nikimaliza kazi narudi, na kila nikienda mke wangu ananifungia unga wa ugali kwenye mfuko.

Fundi mkubwa pale alikuwa Mnyankore mzee, aliyetengeneza malori ya jeshi miaka mingi. Sote tulimwita Afande. Kiswahili chake kilikuwa cha jeshini, kifupi, kila neno kama amri. Siku ya kwanza bosi mwenye garaji aliangalia kandambili zangu, akasema hapa si kituo cha kupokea wakimbizi. Afande alikuwa chini ya gari, akatoa kichwa tu.

"Huyu takaa na mimi," akasema, akarudi chini.

Nikakaa naye miaka minne. Aliniita Mukongo, nami sikuona vibaya, alikuwa analisema vile mtu anavyomwita mtoto wa dada yake. Alinipa hata nusu ya sanduku lake la spana, jambo ambalo fundi hafanyi. Fundi anaweza kukuazima shati, spana hapana.

Sasa, gari lenyewe. Lilikuwa la Hajji mmoja muuza mabati mjini, gari la mbio la zamani, milango miwili, pua ndefu, jekundu lililofifia kama nyanya iliyokaa juani. Lilikaa chini sana, ukitaka kuliona tumbo lazima ulale kama mjusi. Alikuwa nalo tangu ujana wake, na mtoto wake alikuwa karibu kuoa, naye Hajji aliapa kwamba bibi arusi atatoka kwao, mtaa wa Kamukuzi, ndani ya gari lile na si lingine. Lakini lilivuja oili. Kila Ijumaa liliacha doa mbele ya msikiti, na wenzake wakawa wanamwambia, Hajji, gari lako limetengukwa na udhu. Yeye alicheka nao. Kwetu alikuja bila kucheka.

Mafundi wawili wa kabla yetu walikuwa wamebadilisha gasketi ya juu, kwa kufuata matone. Mimi nikamwambia Afande mambo ya unga. Bosi akauliza kama tunapika. Afande akasema wacha ajaribu. Nikafuta injini kwa mafuta ya taa, nikaikausha, nikapuliza unga wa mke wangu kila fasi, tukawasha. Haikupita robo saa, unga ukaloa nyuma kabisa, pale injini inapokutana na giaboksi. Ilikuwa sili ya nyuma, ile pete ya mpira inayoshika shafti. Afande akanipiga bega. Tukashusha giaboksi, akaweka sili mpya kwa mikono yake, akiigonga polepole kwa kipande cha bomba, kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa. Mimi nikabaki kuosha ule unga.

Hapa ndipo inapoingia sehemu yangu mimi. Injini inapumua kama mtu. Ina kabomba kadogo ka kutolea pumzi ya ndani. Kule kwa mjomba, ukizima mashine tu, unaziba kale kabomba kwa kitambaa, kwa sababu unga ukiingia mule unakuwa ugali ndani ya oili. Kitambaa kimefungwa kamba, na kamba imefungwa kwenye hendeli ya kuwashia. Asubuhi ukichukua hendeli, kitambaa kinachomoka chenyewe. Miaka yote ile sikuwahi kukumbuka kukitoa, hendeli ilinikumbukia. Gari la Hajji halina hendeli. Linawashwa kwa ufunguo.

Gari likaenda. Wiki ya tatu likarudi, linavuja kuliko mwanzo, sili ile mpya imelowa yote. Bosi akamuuliza Afande mbele ya wateja kama mikono imeanza kutetemeka. Afande akashusha giaboksi, akaweka sili nyingine, na siku ya nne gari likarudi tena. Oili ilikuwa inatoka nyuma na mbele. Arusi ilibaki wiki moja. Bosi akasema, na sisi wote tunasikia, kwamba safari hii ikivuja Afande avue ovaroli. Mzee yule hakuwa na kitu kingine. Jeshini walikuwa wamemwachisha, mke alikuwa amekufa. Alichobaki nacho ni kwamba mtu wa Mbarara akisema Afande amefunga, imefungwa.

Mara ya tatu tulishusha giaboksi. Afande alipima shafti kwa ukucha kama ina mkwaruzo, akaipima tena. Nilimsikia anajisemea kwa Kinyankore, chini chini, kama mtu anayehesabu.

Jumamosi, asubuhi ya arusi, akaenda bombani kunawa, akaniambia niwashe nisikilize. Nikawasha. Nikafungua kifuniko cha juu cha oili, na upepo wa moto ukanipiga usoni, pamoja na oili. Injini nzima haifanyi hivyo. Injini inafanya hivyo ikikosa pa kupumulia. Nikazima, nikaingiza mkono nyuma ya karibureta, kwenye kale kabomba ka pumzi, na kidole kikagusa kitambaa. Nilikivuta kwa koleo. Kilikuwa kipande cha kitenge cha mke wangu, maua ya njano yamekuwa meusi. Mimi ndiye nilikiweka siku ile ya kuosha. Pumzi ikikosa njia inasukuma oili kwenye kila sili, uweke mpya leo, uweke mpya kesho.

Nilikitia mfukoni. Nitasema kama ilivyokuwa: niliogopa. Niliona bosi ananifukuza, niliona mke wangu ananiuliza kwa nini niko nyumbani Jumanne. Nikajiambia, Hajji akiondoka tu nitamwambia Afande, sisi wawili.

Hajji akaja amevaa kanzu nyeupe, akasimama mbali ili asichafuke. Bosi akaja naye. Afande akasema weka unga, nikaweka. Tukawasha. Watu wanne tumeinama juu ya injini, hata Hajji amesahau kanzu yake. Robo saa, unga mweupe. Nusu saa, mweupe. Oili ya kile kitambaa ilikuwa inapenya suruali, naisikia moto pajani. Hajji akasema Alhamdulillahi, akamshika Afande mkono, na mara ya kwanza kwa mwezi mzima nikaona meno ya mzee.

Nikadhani imekwisha.

Bosi ndiye aliyegeuka. "Kumbe wewe naweza kufunga vizuri," akasema. "Sasa ile mara mbili ulikuwa nafanya nini? Ulikuwa nalala?"

"Mara tatu nafunga namna moja," Afande akasema.

"Namna moja, na hii moja tu ndiyo haivuji?"

Afande akatazama injini. "Sijui," akasema, na neno lile lilimtoka kwa shida. Bosi akamwambia Hajji amsamehe, mzee amechoka, kuanzia Jumatatu gari lake litashikwa na fundi mwingine. Halafu akanyoosha mkono kwa Afande, ampe funguo za stoo, ambazo fundi mkubwa ndiye anayezishika.

Afande akaanza kuzitafuta mfukoni. Nikatoa kile kitambaa.

"Ni miye," nikasema. "Niliziba pumzi ya injini siku ya kuosha, nikasahau. Sili zake zote zilikuwa nzuri."

Bosi alikichukua kwa vidole viwili, akaniita mjinga wa kambini na maneno mengine, halafu akacheka, kwa kuwa Hajji alikuwa amecheka. Hajji akasema hata yeye aliwahi kusahau jiko linawaka akaenda Makka. Bosi akamgeukia Afande, akasema basi mzee, yameisha, funguo baki nazo, na huyu tutamkata masikio. Mimi nilikuwa nangoja kofi la Afande. Nililitaka.

Yeye alikuwa anaangalia suruali yangu, lile doa.

"Lini wewe natoa kitambaa?" akaniuliza.

"Asubuhi, Afande."

"Mbele ya kuweka unga?"

"Ndiyo, kabla hatujauweka."

"Na mimi hapa nasema sijui."

Bosi akasema aa, mzee, ni jambo la saa moja tu. Afande akafuta mikono, kidole kwa kidole. Akavua ovaroli, akaikunja kijeshi, mikono ndani, akaiweka juu ya sanduku la spana, nusu yake na nusu yangu, na funguo za stoo juu yake. Akamtakia Hajji arusi njema. Bosi akamwita mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya kubembeleza. Yeye akapita getini kwa mwendo wake wa kila siku, akangoja lori moja lipite, akavuka barabara, na hakurudi tena.