Fundo la Mvuje

Enzi zetu katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi Kolwezi, mtoto mchanga ulimnusa kabla ya kumwona. Alifungwa kiunoni kitambaa cheusi chenye kipande cha mvuje, ule utomvu mkavu unaonuka kama kitunguu saumu kilichosahauliwa ndani ya kiatu. Ulifukuza mchango wa tumbo, na nadhani ulifukuza hata wageni. Vijana wa leo, wanaojipulizia marashi hata wakienda kununua chumvi, wasingeuvumilia.

Mvuje ulitoka duka la Mhindi kule mjini, lakini mfungaji alikuwa Mama Ngalula, jirani yetu wa ukuta mmoja. Yeye na mumewe, fundi wa mgodini, walikuwa Wakasai, yaani asili yao mkoa mwingine, jambo ambalo sisi watoto hatukuliwaza kabisa. Tulichojua ni kwamba alikaanga chembe ya mvuje kwenye mawese kabla ya kutia maharagwe, na ile harufu mbaya ikageuka ya kututoa mate. Bukari ya kwake, ndio ugali wetu, tuliimaliza hadi ukoko.

Desturi ilikuwa moja: aliyefunga ndiye anayefungua, siku mtoto anapoanza kutembea. Siku hiyo hupikwa maharagwe, na watoto wote wa mstari wetu wa nyumba wanakula.

Mdogo wangu Odile alikuwa bado anatambaa mambo yalipoharibika. Mishahara ilikatika, duka la Mhindi likaporwa, kisha watu wakapita barabarani wakipiga kelele, "Bakasai barudie kwabo." Kwao wapi, na Mama Ngalula alizaliwa kambini humo humo? Yeye na mumewe wakafukuzwa nyumbani, wakawa wanalala stesheni juu ya mizigo, wakingoja treni.

Mama aliogopa, lakini alimbeba Odile mgongoni na kisufuria cha maharagwe mkononi, tukaenda.

"Mufungule, mama," alimwambia jirani yake. "We ukienda, nani atamufungula?"

Mama Ngalula alimchukua Odile, akamsimamisha chini. Odile akakaa kitako.

"Mutoto hatembei bado," akasema. "Mi njo nilimufunga, mi njo nitamufungula. Nitarudia."

Kisha akaonja maharagwe, akacheka kidogo, akasema hayana mvuje. Sikumwona tena.

Odile alitembea mvua zilipoanza. Hatukupika kitu. Mama alikuwa anamngoja mwenzake, na kitambaa kilipombana mtoto, alikikata upande wa mgongoni, fundo akaliacha kama lilivyo.

Siku hizi nyumba zina kuta ndefu na jirani humjui hata jina. Watoto wa Odile wanapewa dawa ya maji yenye ladha ya matunda, na wanailamba kama peremende. Inawaponya, sikatai. Lakini hakuna anayengojwa arudi.

Mama alifariki akiwa ametukataza kuligusa lile fundo. Limo kwenye kopo la maziwa, kabatini kwangu. Nikilinusa sasa halinuki chochote, na bado limekaza.