Ndege Ndani ya Mpunga, na Shahidi Niliyemwita Mwenyewe

Wajameni, mmewahi kuona ndege imelala ndani ya mpunga, pua kwenye matope, mkia juu kama bata anayetafuta vyura?

Mimi nimeiona. Na makosa yote nikabebeshwa mimi.

Nilikuwa mlinzi wa kiwanja kidogo cha ndege huku tambarare ya Ruzizi, jirani na Kiringye. Nafukuza ng'ombe, nafyeka majani, naangalia mfuko wa upepo, ule unaomwonyesha rubani upepo unakotoka, uning'inie vizuri mlingotini. Kazi ilikuja na nyumba, na mke wangu Jolie ndiyo kwanza amepanda maharagwe uani.

Siku hiyo, saa tisa mchana, kindege kikatokea upande wa ziwa. Ndani yupo rubani wetu, Komanda Sylvestre, peke yake na miwani yake nyeusi.

Huku kwetu hata mbuzi anajua: mchana upepo unatoka ziwani. Rubani anapita juu, anageuka, anatua akiuelekea.

Komanda kugeuka? Mtu mzima kama yeye? Akaja moja kwa moja, upepo unamsukuma mgongoni.

Magurudumu yakagusa kiwanja kimeshaisha nusu. Breki! Ndege ikateleza, ikateleza...

Pwaa! Mpunga.

Nikakimbia. Nikamkuta mzima, anafuta matope kwenye miwani.

"Komanda, pole! Umeumia?"

"Nyamaza! Mfuko wako ulikuwa umejifunga mlingotini. Ningejuaje upepo?"

Umejifunga? Ulikuwa umejaa kama tumbo la siku ya Noeli!

Kesho yake Patron Frédéric, bosi wetu sote wawili, akafika kutoka Uvira na ripoti ya Komanda. Kurasa tatu, zote mimi.

"Uko na shahidi, ao unafunga mizigo?"

Nikamkimbilia Mama Bernardine, mkulima wa jirani. Akaja anawaka.

"Patron, huyu komanda anasema bongo, uongo mtupu! Minye nilikuwa napepeta mpunga. Makapi yalikuwa yanakimbia naye njia moja!"

Patron akaichana ripoti. Mimi meno yote nje.

"Aksanti, mama," Patron akasema. "Na weye ulikuwa wapi, hata ukaona vizuri hivyo?"

"Si pale juu ya kiwanja, mwisho kule! Kila siku tunapepetea pale. Ndege ilipokuja nikakimbia na kitunga changu."

"Na mlinzi hawakatazi?"

"Huyu? Hata! Yeye mwenyewe anatubebeaka vitunga."

Meno yangu yakarudi ndani, moja moja.

Komanda alipewa barua ya onyo, anaruka mpaka leo. Mimi nilipewa barua ya kwaheri. Maharagwe anakula mlinzi mpya.

Ndugu zangu, kabla ya kumwita shahidi wako, muulize kwanza alikuwa amesimama wapi.